Muthoni Alikimbilia Wapi?

Safari hii ukurasa wetu unaingia kwenye fasihi ya Kiingereza, somo ambalo wengi wenu mnaliogopa bure. Tutachambua riwaya moja tu, The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Kama haimo kwenye orodha ya shule yenu, usifunue kurasa haraka haraka kwenda kwenye barua za wasomaji. Mbinu tutakazotumia hapa ndizo utakazotumia kwa riwaya yoyote inayomfuata kijana kutoka utotoni hadi ukubwani.

Nimeichagua hii kwa sababu ya swali. Mwaka mmoja, mwezi wa kumi na moja, nilikuwa naisoma na kidato cha tatu katika shule moja ya upande wa Bunda. Tulipofika pale Muthoni anapokufa, darasa likanyamaza. Halafu msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida si msemaji, akanyosha mkono: "Mwalimu, sasa kama yeye mwenyewe ndiye aliyetaka, kosa ni la nani?" Wavulana wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Kengele ya mapumziko ikaniokoa. Desemba ilikuwa inakaribia, na kwetu Mara kila mtu anajua Desemba ina mambo gani.

Kwa hiyo somo la leo ni kutafuta jibu la swali hilo, lakini kwa njia ya fasihi: kwa kukisoma kitabu vizuri.

KISA CHENYEWE

Kuna migongo miwili ya milima inayotazamana, Kameno na Makuyu. Katikati kuna bonde, na bondeni unapita mto Honia. Jina hilo kwa Kikuyu lina maana ya kuponya, kurudisha uhai, na mto wenyewe haukauki. Makuyu ndiko Ukristo ulikoshika mizizi, chini ya mhubiri mkali aitwaye Joshua. Kameno wameshikilia mila.

Waiyaki ni kijana wa Kameno. Baba yake, mzee Chege, anampeleka shule ya misheni ya Siriana ili ajifunze siri za mzungu, ila asichukue tabia zake. (Msomaji wa Butiama hapa atakuwa ameshatabasamu. Mwaka 1934 Chifu Burito wa Wazanaki naye alimtoa mwanawe Kambarage kwenda shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilometa 40 hivi kutoka nyumbani. Mambo ya Waiyaki si ya kubuni hewani.)

Joshua ana mabinti wawili, Nyambura na Muthoni. Kwa Joshua tohara ya msichana ni dhambi, basi, hakuna mjadala. Muthoni anamtoroka baba, anavuka kwenda kwa shangazi yake Kameno, anakeketwa pamoja na wenzake wa rika. Kidonda hakiponi. Waiyaki na vijana wachache wanambeba hadi hospitali ya Siriana, na huko anafariki. Baada ya kifo hicho misheni inawafukuza shule watoto ambao wazazi wao hawajaikana mila ile. Waiyaki anaanzisha shule ya wananchi wenyewe, Marioshoni, anakuwa mwalimu na kiongozi, anampenda Nyambura ambaye hakutahiriwa, na hapo ndipo maadui zake wanapompatia pa kumshika.

Mgogoro huu una historia ya kweli nyuma yake. Mwaka 1929 wamisheni wa Kiskoti katika nchi ya Wakikuyu waliwataka waumini waikane tohara ya wasichana. Watu wengi wakatoka makanisani, wakaanza kujenga shule zao. Ngũgĩ alizaliwa 1938 huko Limuru, kwa hiyo alikua akiyasikia hayo kwa wakubwa. Kitabu alikiandika akiwa mwanafunzi wa Makerere, kikachapishwa mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Weep Not, Child ingawa hiki ndicho alichotangulia kukiandika. Piga hesabu mwenyewe: alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, hajawapita sana nyinyi. Alifariki Mei 2025 huko Marekani.

MANDHARI: MTO UNAFANYA KAZI GANI?

Ukiulizwa mandhari, usiandike "mandhari ni Kenya wakati wa ukoloni" ukaweka nukta na kwenda kunywa maji. Jiulize: mahali hapa panafanya kazi gani kwenye hadithi? Ungepahamishia kwingine, ni kitu gani kingeharibika?

Honia inatenganisha pande mbili. Sawa, hilo kila mtu analiona. Lakini tazama tena. Kando ya mto huo huo ndipo vijana wanapotahiriwa. Kwenye mto huo huo ndipo dada wawili wanapochota maji siku Muthoni anapomtobolea Nyambura siri yake. Mto uleule unaogawa watu ndio unaowanywesha wote. Sasa una hoja ya mtihani: mandhari yenyewe inabeba mambo mawili yanayopingana, na Muthoni naye anataka mambo mawili yanayopingana.

Kwetu tuna mto Mara. Unatoka milima ya Mau kule Kenya, unapita Serengeti, unamwagika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Ukipanda basi la Musoma kwenda Tarime unauvuka kwenye daraja la Kirumi. Kwa abiria wengi pale ni daraja tu, wanaendelea kula karanga zao. Kwa msichana aliyetoroka nyumbani akija upande huu, kuvuka pale ni jambo zito: nyuma kamwacha mama, mbele hajui atapokewa na nani. Mahali pale pale, watu wawili, uzito tofauti. Ndiyo maana ya mandhari katika riwaya.

NANI ANASIMULIA, NA HAINGII WAPI?

Hapa ndipo wanafunzi wengi mnapopoteza alama, na ndipo penye utamu. Msimulizi wa kitabu hiki anasimulia kwa nafsi ya tatu na ana ruhusa ya kuingia kila mahali. Anaingia mawazoni mwa Waiyaki. Anaingia kwa Nyambura, kwa Joshua, hata kwa Livingstone, yule mzungu wa Siriana. Tunajua wanaogopa nini na wanajidanganya vipi.

Na Muthoni je? Mara nyingi tunamwona kwa nje. Tunamsikia akizungumza, tunamwona kupitia macho ya dada yake na ya Waiyaki. Tohara ya Waiyaki tunaonyeshwa kwa karibu kabisa, baridi ya maji na kisu. Ya Muthoni hatuonyeshwi. Tunaletewa habari tu kwamba anaumwa.

Sasa swali la kujiuliza: kwa nini? Unaweza kusema mwandishi ni mwanaume, alisimulia alichokijua. Jibu hilo si baya, na mtahini hatakukasirikia. Unaweza pia kusema ukimya huo unafanana na maisha yenyewe: jambo linalomhusu msichana linajadiliwa na kila mtu ila yeye. Mimi ninaegemea la pili, lakini usinifuate mimi, fuata kitabu. Chukua kalamu ya risasi, pitia sura za Muthoni, weka alama kila mahali mtu anapomwuliza swali la kweli na kusubiri jibu. Utashangaa jinsi alama zilivyo chache. Nyambura anamwuliza kwa hofu. Waiyaki anamwuliza usiku wa ngoma, wakiwa wamejitenga kidogo na wenzao. Baba yake hamwulizi kamwe.

MUTHONI SI MJINGA

Nimesahihisha madaftari mengi yenye sentensi "Muthoni ni mjinga." Kalamu yangu nyekundu imechoka. Kabla hujaandika hivyo, tafuta mhusika anataka nini na kwa nini anakitaka. Hiyo ndiyo kazi ya kuchambua mhusika. Kumpa sifa tatu na kuziorodhesha ni kazi ya karani.

Muthoni anataka kuwa mwanamke, na pale alipo hakuna njia nyingine ya kuwa mwanamke mbele ya watu. Hataki kumwacha Kristo. Anauona mkanganyiko ambao wakubwa wake hawataki kuuona: wazazi wake wenyewe walipitia tohara, mama yake Miriamu akiwemo, na bado ni Wakristo. Anataka vyote viwili. Hoja yake ina akili ndani yake, na ndiyo maana kifo chake kinauma. Mwandishi asingetupa msichana mjinga halafu akategemea tulie.

Msomaji wa Tarime au Serengeti anamwelewa Muthoni haraka kuliko profesa wa Ulaya. Kwa Wakurya, msichana ambaye hajakeketwa huitwa msagane, na neno hilo halisemwi kwa upole. Ukiitwa hivyo kisimani, ukaitwa hivyo na mdogo wako aliyekeketwa mwaka jana, ukaambiwa hutaolewa na mtu wa maana, mwisho unaweza kwenda mwenyewe kwa ngariba. Hukuburutwa. Watu watasema "alitaka." Huko kutaka ndiko tunakokitafuta katika somo hili.

KILA MZEE NA HESABU YAKE

Angalia kinachotokea Muthoni akishakufa, maana ndicho kiini cha mgogoro wa riwaya nzima. Livingstone anaona ushahidi kwamba mila ni za kishenzi. Chege anaona adhabu iliyomwangukia Joshua kwa kuwaacha watu wake. Kabonyi, aliyekuwa mfuasi wa Joshua, analiacha kanisa na kurudi upande wa mila. Joshua mwenyewe alishamfuta kwenye hesabu ya watoto wake tangu siku alipotoroka. Miriamu ndiye anayelia.

Umeona? Kila mkubwa anamchukua marehemu na kumgeuza hoja ya upande wake. Na hapa nitakuwa mkweli hata kwa gazeti letu la afya: na sisi tukiandika "Muthoni ni mfano wa madhara ya ukeketaji" tukaishia hapo, tumejiunga na foleni hiyohiyo ya wazee. Madhara ni ya kweli, nitayaeleza sasa hivi. Lakini jibu la fasihi haliishii kwenye bango.

KIDONDA CHENYEWE

Kitabu hakielezi kwa lugha ya daktari kilichomuua Muthoni, kinasema kidonda hakikupona. Tuseme wazi kinachoweza kutokea. Sehemu ile ya mwili ina mishipa mingi ya damu, kwa hiyo ikikatwa damu inaweza kutoka nyingi kiasi cha kuua siku hiyo hiyo. Wembe mchafu unaweza kuingiza vijidudu, kidonda kikaoza na sumu ikasambaa mwilini, au pepopunda ikaingia. Wembe mmoja ukitumika kwa wasichana wengi, virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini vinaweza kuhama na damu. Wanaopona hubaki na kovu gumu: maumivu wakati wa kukojoa, maumivu katika tendo la ndoa, na hatari zaidi wakati wa kujifungua, kuchanika na kutoka damu. Faida ya kiafya haipo hata moja. Na tohara ya mvulana si kipimo cha jambo hili, maana kinachokatwa si kitu kimoja, ingawa jina la sherehe ni moja.

Kama mwenzako amekatwa na damu haikomi, au ana homa na kidonda kinanuka, au taya zinakaza, asifichwe ndani kwa kuogopa polisi. Ni hospitali, na ni sasa. Muthoni alifikishwa Siriana akiwa amechelewa.

Kwa takwimu: uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 10 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ule wa 2022 ukakuta asilimia 8. Mkoani Mara ilikuwa asilimia 32, ikashuka kuwa 28. Inapungua, lakini bado ni zaidi ya mmoja kati ya wanne. Kisheria, tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mwenye dhamana ya msichana wa chini ya miaka 18 akimkeketa au akisababisha akeketwe anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15.

MTU ANAKUWA MTU MZIMA LINI?

Riwaya za kukua zote zina swali hilo tumboni. Katika hii kila mtu ana jibu lake. Wazee wa Kameno: kwa kisu. Joshua: kwa kubatizwa na kutii. Chege: kwa elimu ya mzungu iliyorudishwa nyumbani. Waiyaki amepitia kisu, amepitia shule, watu wanamwita Mwalimu. Je, amekua?

Mimi nasema hapana, au tuseme alichelewa, na ushahidi uko kwenye mkutano wa wazazi. Anakwenda akiwa na jambo moja moyoni: kuzipatanisha Kameno na Makuyu. Anasimama, anahutubia juu ya elimu, umati unampenda, na katika utamu ule wa kupendwa lile jambo la upatanisho linampita. Atalisema siku nyingine. Siku nyingine inapofika, Kabonyi na mwanawe Kamau wameshashika baraza la wazee, Kiama, na Waiyaki na Nyambura wanakabidhiwa kwa baraza hilo wahukumiwe. Kitabu kinafunga bila kutuambia hukumu. Mto unaendelea kutiririka, giza limeingia, watu wanakwenda zao bila kutaka kutazamana. (Wakurya nao wana baraza lao la wazee wa mila, inchama. Kama bibi au babu yako anapenda kuzungumza, mwulize linaamua mambo gani. Utarudi kwenye sura za Kiama na masikio mapya.)

Nyambura ni mhusika mnayemsahau kila mwaka. Anaanza kitabu akiwa binti mwoga, anayetetemeka dada yake anapotaja tu jambo la tohara. Anamaliza kitabu akiwa amesimama mbele ya baba yake na mbele ya kijiji, akichagua upande wake bila kisu na bila kumwomba mtu ruhusa. Ukipata swali la mhusika anayebadilika, wenzako wote watamwandika Waiyaki. Mwandike Nyambura, mtahini ataamka.

MAJIBU MAWILI

Tuchukue swali la kawaida: "Kwa kutumia mhusika mmoja, onyesha jinsi mwandishi anavyosawiri ugumu wa kukua." Nitayaweka majibu kwa Kiswahili ili tuelewane, wewe utaandika kwa Kiingereza chako mwenyewe, kifupi na safi, si cha kukariri kwenye vitini.

La kwanza: "Muthoni alikuwa binti wa Joshua. Alitoroka akakeketwa akafa. Hii inatufundisha kwamba ukeketaji ni mila potofu na jamii inapaswa kuelimishwa. Serikali iwachukulie hatua mangariba."

Kila neno hapo ni kweli, na bado alama zake ni chache. Limesimulia kisa, likatoa hotuba. Neno "mwandishi" halimo. Neno "kukua" halimo.

La pili: "Ngũgĩ anaonyesha kwamba kukua ni kugumu pale ambapo watu wazima hawampi kijana nafasi ya kuchagua. Muthoni ana njia mbili tu, na zote zimepangwa na wengine: kumtii baba na kubaki mtoto machoni pa jamii, au kufuata mila na kumpoteza baba. Mwandishi anatumia mazungumzo yake na Waiyaki usiku wa ngoma kutuonyesha kwamba anataka kuunganisha pande zote. Lakini msimulizi hatuonyeshi tohara yake, tunapata habari za ugonjwa tu, na hivyo tunamtazama kwa mbali kama jamii yake inavyomtazama. Baada ya kifo, wazee wanabishana juu ya maana yake bila kumlilia. Hivyo ugumu wa kukua hauko kwa Muthoni peke yake, uko kwa wakubwa waliomzunguka."

Ona linavyokwenda: hoja, tukio, mbinu, maana. Kila sentensi inakiangalia kitabu. Sikupenda sana sentensi ya mwisho, imekuwa ya jumla mno, lakini dakika zilikuwa zimeisha, na wewe pia chumba cha mtihani hakitakuongezea.

TURUDI KWENYE SWALI LA BUNDA

Kesho yake niliingia darasani nikagawa ubao mara mbili. Upande mmoja: Muthoni alijua nini. Upande wa pili: Muthoni hakuambiwa nini. Darasa likafanya kazi, wavulana pia, bila kucheka. Alijua bei ya kutotahiriwa: kubaki mtoto, kuchekwa, kutokuwa wa watu wake. Alijua kwamba baba atamfukuza. Bei ya kisu chenyewe je? Tukafunua, tukarudi nyuma, tukafunua. Joshua alimwambia ni dhambi. Hatukupata ukurasa ambapo mtu alimkalisha akamwambia ni kidonda, kinaweza kukuua, na dalili zake ni hizi. Kijana mmoja wa mstari wa mbele akasema: "Kwa hiyo alinunua kitu bila kuonyeshwa bei." Nikaliandika ubaoni, nikalizungushia duara.

Yule wa nyuma bado hakuridhika. Akauliza kama mtu anaweza kuacha kisu na bado akabaki wa kwao. Hilo kitabu kinaliacha wazi, maana Nyambura anachukuliwa na Kiama kabla hatujajua. Nikamjibu kwa mfano wa karibu. Mwalimu Nyerere alichongwa meno ya mbele kwa desturi ya Wazanaki alipokuwa kijana. Leo itakuwa kazi kumpata kijana wa Butiama mwenye meno ya namna hiyo, na sijasikia mtu akisema Wazanaki wamekwisha.

Halafu nikawaambia habari ambayo ni kama kitabu kilichogeuzwa. Muthoni alitoroka kwenda kwenye kisu, akapokewa na shangazi. Kwetu Mara kuna wasichana wanaotoroka kisu, na wapo wanaowapokea: nyumba salama za shirika la Hope for Girls and Women huko Mugumu na wilayani Butiama, kituo cha Masanga huko Tarime, masista wa Jipe Moyo hapo Musoma. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Namba ya simu ya kumsaidia mtoto ni 116, haikatwi salio. Niliiandika kwenye kona ya ubao, nikawaomba viranja wasiifute, na ilikaa pale mpaka shule ilipofungwa.

Januari yule wa dawati la nyuma alirudi. Jirani yake hakurudi. Mdogo wake wa kidato cha kwanza alituambia kwamba dada ameolewa.

ZOEZI

Jaribu haya kwenye daftari, kisha mwonyeshe mwalimu wako wa Kiingereza au ututumie kwa anwani ya gazeti.

Andika ukurasa mmoja ambao Ngũgĩ hakuuandika: siku ya mwisho ya Muthoni nyumbani kwa shangazi yake kabla ya tohara. Simulia kwa nafsi ya kwanza, Muthoni akiwa ndiye msemaji. Ukimaliza, eleza kwa aya moja ni kitu gani kimebadilika msomaji alipoingizwa ndani ya kichwa chake.

Miriamu anazungumza mara chache sana. Kusanya kila anachokisema na kila anachokitenda. Je, angeweza kufanya nini, na kitabu kinatupa dalili gani kwamba alijua?

Shangazi wa Kameno alimpokea mtoto aliyekimbia. Mlezi wa nyumba salama ya Butiama naye anapokea mtoto aliyekimbia. Waandikie mazungumzo, wawili hao wakikutana kwenye basi la Musoma, na kila mmoja awe anaamini kwamba yeye ndiye anayempenda msichana.